Kiazi Ndani ya Udongo

Jumamosi iliyopita nilipika udongo. Ninaishi ghorofani, katika nyumba ya kupanga mjini Embu, na shamba langu lote ni ndoo kuukuu za rangi nilizozipanga kwenye baraza. Mvua zilikuwa zimekaribia na nilitaka kuotesha nyanya ndani ya nyumba kabla hazijaanza. Udongo niliokuwa nao ni ule wa msimu uliopita, umejaa mizizi mikavu ya pilipili zilizokufa bila kuniaga. Nikauchambua, nikaunyunyizia maji, nikautia kwenye sufuria ya zamani, nikafunika na kuwasha gesi kidogo. Haukupita muda harufu ikapanda, na binti yangu Nkatha akatoka chumbani ameziba pua kwa ukosi wa fulana.

"Mum, nini inaungua?"

"Hakuna kitu kinaungua. Napika udongo."

"Unapika udongo kwa nyumba? Na watu wa chini wakisikia hii harufu?"

Niliuona mkono wangu ukienda wenyewe kufunga dirisha la upande wa ngazi. Mimi ni mtu mzima, nina mvi ninazozipaka rangi, na sijasikia sheria ya mji inayomkataza mtu kupika udongo jikoni kwake. Aibu niliyoipata utotoni haikuzeeka pamoja nami. Nilifunga dirisha, nikavuta na pazia, kisha nikarudi kusimama kando ya sufuria.

Harufu yenyewe ni vigumu kumweleza mtu asiyeijua. Mwanzoni ni ya mvua ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, na hapo kila mtu huipenda. Kisha mizizi na majani yaliyooza huanza kupata moto, na harufu inakuwa nzito, chachu, inashika nywele na nguo na haitoki kwa kuosha mara moja. Sare yangu ya shule ilinuka hivyo msimu mzima. Nilikuwa bado mtoto kiasi cha kuamini kwamba pua ya kila aliyepita karibu nami ilikuwa inasoma habari za kwetu.

Kwetu ni juu ya Githongo, mahali ambapo kahawa imekuzunguka pande zote, na baridi ya mwezi wa saba inaingia hadi kwenye mifupa ya ng'ombe. Jiko letu lilikuwa nyumba ya mbao iliyosimama peke yake, nyeusi kwa moshi. Juu ya mafiga palikuwa na rafu ya mianzi aliyoitengeneza mama mwenyewe, na juu ya rafu hiyo alipanga mikebe ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu chini. Humo ndimo alimooteshea miche. Watu wengine walimwaga mbegu kitaluni nje, zikakufa kwa baridi au kuliwa na konokono. Za mama ziliota ndani, kwenye joto la moshi na ugali, na zilipofikia kimo cha kidole alizishusha na kuziweka dirishani zizoee mwanga.

Alifanya hivyo kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa kanisa letu. Hakuuza. Kila mmoja alikuwa na kitu chake: mmoja alijua kushona, mwingine alikuwa na fahali, mwingine aliitwa mtu alipozidiwa na uchungu wa uzazi. Mama yangu alikuwa na mkono wa kuotesha. Msimu ukifika, kila mama alipewa mkebe wake wa miche ya nyanya, na kahawa yetu ikiiva wote walikuja kuichuma. Jumapili ya kugawa miche niliibeba mikebe mimi mwenyewe kutoka nyumbani hadi uwanja wa kanisa, nikirudi na kwenda tena, shingo imenyooka. Nilidhani sifa ya mama ilikuwa yangu pia, na sikuona kwa nini niipunguze.

Mkebe ukishatumika ulirudi kwetu, na haukurudi mtupu. Hiyo ni adabu ambayo kwetu hufundishwa mtu kabla hajajua kusoma. Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, hata kama unatia njegere za kujaza kiganja. Mikebe ya mama ilirudi na maharagwe, mayai, sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyeipokea langoni, na mkono wangu ulitangulia ndani kabla sijamaliza kusema asante.

Ule udongo nao ulikuwa na thamani yake. Mama aliufuata juu kabisa, pembezoni mwa msitu, akaubeba kwa kamba ya kichwani kwa njia ile ya mteremko inayokuvunja magoti. Akauchanganya na samadi ya mbuzi na mchanga wa mtoni, akauchekecha kwa wavu wa dirisha. Kwa taabu hiyo yote hangeweza kuutupa. Miche ikishagawanywa, udongo uliobaki kwenye mikebe ulimwagwa tena kwenye gunia lililokaa nyuma ya mlango, ukasubiri msimu mwingine. "Udongo mzuri hautupwi," alisema. Nami niliona ni hekima tupu.

Mwaka mmoja, baadhi ya nyanya alizoziacha kwenye mikebe mikubwa karibu na jiko zilikuwa zimenyauka na kufa. Mama alisema ni baridi. Akazing'oa, akawapa mbuzi, na udongo akaurudisha kwenye gunia pamoja na mwingine. Msimu uliofuata miche iliota mizuri, ya kijani, mashina mafupi na manene. Jumapili ile niliibeba tena. Mkebe uliokuwa bora kuliko yote mama aliuweka kando kwa ajili ya Mama Karimi.

Mama Karimi alikuwa rafiki ya mama tangu wakiwa wasichana wa kuchota maji. Ndiye aliyenisimamia nilipobatizwa. Shamba lake lilipakana na letu, likitenganishwa na kijito tu, na binti yake Karimi alikaa nami dawati moja shuleni. Lilikuwa shamba la kusifika kwa waru, yaani viazi vya kawaida, vikubwa, vya ganda jekundu. Karimi alikuja navyo shuleni kila siku ndani ya kopo la chakula, vimechemshwa na chumvi, na mchana tulivila wote wawili kwa kopo moja.

Nyanya zilipoanza kunyauka, watu walifikiri ni jua. Ajabu ni kwamba majani yalianguka yakiwa bado ya kijani. Mchana mmea ulilegea, jioni ukainuka kidogo na kumpa mtu matumaini, kesho yake ukalegea zaidi, kisha haukuinuka tena. Kwa Mama Karimi ugonjwa haukuishia kwenye nyanya. Uliteremka na maji ya mvua, ukaingia kwenye waru. Ukichimba, unatoa kiazi kizuri cha kuangalia, ukikikata ndani pana pete ya rangi ya kahawia inayotoa usaha. Alichimba mstari mzima akitafuta chenye afya. Mimi na Karimi tulisimama ukingoni tukitazama, na hakuna aliyetuambia twende tukacheze.

Akaletwa afisa wa kilimo. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye pikipiki na buti safi kupita kiasi, na kikundi chote kilikusanyika kwa Mama Karimi kumsikiliza. Aliomba glasi ya maji. Akakata shina la nyanya kwa kisu cha mfukoni, akalishika likining'inia ndani ya maji bila kulitikisa. Tukasubiri. Kutoka kwenye shina ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama maziwa, ukinyooka polepole hadi chini ya glasi.

"Mnaona hiyo? Hiyo ndio ugonjwa yenyewe," alisema. "Inaingia kwa mizizi, inafunga mishipa. Mmea unakufa kiu na maji iko hapo chini yake. Na hii haina dawa."

"Na shamba?" Mama Karimi aliuliza.

"Shamba lisahau nyanya na waru, mama. Panda mahindi. Ugonjwa huu unakaa kwa udongo miaka mingi." Akamwaga ile glasi mbali, kwenye mawe, akapangusa kisu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Hii miche ilitoka wapi?"

 Wale akina mama hawakumtazama mama yangu. Walitazama chini, kila mmoja mbele ya miguu yake, na kwa kutomtazama kwao ikawa kama wamemnyoshea kidole wote. Nilihisi uso wangu ukiwaka. Nilitamani aseme ilinunuliwa sokoni, aseme ilitoka mbali kule Mitunguu, aseme chochote.

"Ilitoka kwangu," mama alisema.

Yule kijana aliitikia kwa kichwa, bila ubaya wowote, akaendelea kueleza mambo ya kusafisha majembe. Alipoondoka mama alimfuata hadi barabarani. Niliwaona kwa mbali wakizungumza, kijana amekwishakalia pikipiki, akionyesha kitu cha mviringo kwa vidole vyake. Sikusikia lililosemwa.

Baada ya hapo mikebe ilianza kurudi. Hakuna aliyeileta mkononi. Asubuhi nikienda kufungua lango niliukuta mmoja, au miwili imepandanishwa, imeoshwa ikang'aa, imewekwa kando ya nguzo. Niliingiza mkono kwa mazoea. Ilikuwa mitupu. Sijui kama walipanga au kila mmoja aliamua peke yake. Labda waliona vibaya kulipa chakula kwa kitu kilichowatia njaa, na huwezi kuwalaumu. Salamu kanisani zilibaki zilezile, muga ya kwetu ikajibiwa kwa muga, mikono ikapeanwa, lakini kahawa yetu ilipoiva tuliichuma mama na mimi. Mama hakuuliza mikebe imerudi na nini. Niliipanga nyuma ya jiko ikiwa imeinamishwa, midomo chini, mpita njia asione kwamba haina kitu.

Mkebe mmoja haukurudi, nao ni wa Mama Karimi. Mama alikuwa akiwasha moto asubuhi, ananiangalia nikitoka langoni, halafu anarudisha macho kwenye kuni.

Ndipo akaanza kupika udongo. Alichukua debe bovu, akalijaza udongo wa lile gunia, akaulowesha, akafunika kwa majani ya mgomba na kuliweka mafigani juu ya moto mdogo. Aliacha hata chai isubiri. Harufu ikajaa jikoni, ikatoka kwa nyufa, ikashuka bondeni hadi kijitoni. Kabla ya kufunika alikuwa akichagua kiazi kimoja kidogo, anakiosha, anakizika katikati ya udongo. Kulipokucha vizuri na debe likatoa mvuke, alifukua kile kiazi kwa kijiti, akakichoma kwa msumari, akakikung'uta. Halafu alikaa kwenye kigoda, akakila. Bila chumvi, na ganda lake, polepole, akiangalia chini.

Nilikuwa na maelezo yangu, na nilikuwa na uhakika nayo. Shuleni kwetu tuliapa kwa udongo. Mtu akishukiwa kuiba kalamu, alichovya kidole mavumbini, akakilamba, akakiinua juu, na ikaisha. Aliyeapa uongo, tuliambiana, tumbo lingevimba hadi lipasuke. Kwa hiyo nilielewa kwamba mama anakula kiapo. Kila alipopika, alikuwa anamwapia Mungu na kijiji kwamba hakukusudia, na kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa la shamba zima, kulamba kidole hakungetosha. Ilibidi udongo upikwe, uingie kwenye chakula, ushuke hadi tumboni. Na kwa sababu aliapa tena na tena, niliona hakuna aliyekuwa anamwamini.

Mara moja alinivunjia kipande, akaninyoshea. Nilikataa. Niliogopa kuapia jambo nisilolijua vizuri, tumbo langu likapasuka bure. Alikitia mdomoni mwake.

Siku nyingine nilijikaza nikamuuliza. "Kama unapika kwa ajili ya Mama Karimi, mbona usipike udongo wa kwake?"

Aliacha kuchochea moto. 

"Ningekuwa na sufuria ya kutosha shamba lake," alisema, "ningelipika lote."

Shuleni mambo hayakukawia. Nilinuka, na watoto wana pua. Wakatuita wapika udongo. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma alisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na darasa likacheka, sisi ambao samaki tulimjua kwa picha ya kitabuni. Niliweza kuvumilia hayo. Nilichoshindwa kuvumilia ni kopo la Karimi. Mchana alilifungua, na ndani palikuwa na mahindi na maharagwe, hakuna hata kiazi kimoja. Alilisogeza katikati kama kawaida. Sikuweza kunyosha mkono. Nilimwambia nimeshiba, siku baada ya siku, huku tumbo langu likitoa ushahidi kwa sauti.

"Wewe siku hizi hukuli," Karimi aliniambia hatimaye. "Ni kwa sababu gani? Na kwenu mnapika nini? Mama anasikianga harufu mpaka kwetu."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba habari ile peke yangu, na nilitaka ajue kwamba kwetu hatukuwa tumekaa tu. Nikamwambia yote. Kwamba mama yangu anakula kiapo kwa ajili ya shamba lao. Kwamba anazika waru kwenye udongo mgonjwa, anaipika, anaila, asubuhi nyingi, na tumbo lake halijavimba, kwa hiyo anasema kweli. Karimi alinisikiliza bila kupepesa. Alitaka tu kujua kama inaliwa na ganda, nikamwambia na ganda.

Sikumkataza kusema nyumbani. Haikunijia kichwani.

Mama yake alikuja asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nafagia uwanja, harufu ya udongo imejaa kila mahali, nikamwona Mama Karimi akivuka kijito kwa lile jiwe la katikati, ameshika kitu chini ya leso. Nilikimbia jikoni kumwambia mama. Nilitaka amwage debe, afungue mlango wa nyuma, afanye haraka. Mama alisimama, akajifuta mikono kwenye sketi, akabaki hapohapo. Mahali pa kuficha debe la udongo linalotoa mvuke hapakuwepo.

"Hodi," Mama Karimi alisema, akiwa amekwishaingia.

"Karibu. Jiko linanuka."

"Nimezoea. Inafika mpaka kwangu." Alikaa kwenye kigoda bila kuonyeshwa. Aliliangalia debe, kisha akaniangalia mimi, kisha mama. "Kendi amemwambia Karimi unakula kiapo."

Kama ardhi ingekuwa na huruma ingenimeza wakati huo. Mama aligeuka kunitazama, na sikuona hasira usoni mwake, niliona kwamba hakuwa ameelewa. Ikabidi nieleze. Nikayasema tena yale ya kidole na ya tumbo kupasuka, safari hii kwa sauti ndogo, na kila neno lililotoka lilionekana la kijinga kuliko lililotangulia.

"Si kiapo," mama alisema alipoelewa. Alimjibu Mama Karimi, wala si mimi. "Waru ni ya kupima moto. Yule kijana wa kilimo alinieleza pale barabarani. Unaiweka katikati, ikiiva, unajua joto limefika huko ndani, ugonjwa umekufa. Ni hiyo tu. Watoto wanawaza vitu."

"Ni kipimo."

"Ni kipimo tu."

Mama Karimi aliitikia kwa kichwa polepole. "Na kuila?" aliuliza. "Hiyo pia alikuambia?"

Mama alichukua kijiti akaanza kusogeza makaa ambayo hayakuhitaji kusogezwa, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Sikuwahi kumwona akilia, na siku hiyo pia hakulia, ila ilimgharimu. Mimi nilisimama nyuma ya mlango karibu na gunia, nimeshika ufagio, nikiona aibu ya kuwa nimemvua mama yangu nguo mbele ya mtu aliyemheshimu kuliko wote.

Mama Karimi aliondoa leso. Chini yake palikuwa na mkebe wetu, ule bora, umeoshwa. Aliuinamisha, na kikaangukia kiganjani mwake kiazi kimoja.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu," alisema. "Nilikuwa natafuta cha kutia. Kwangu hakuna."

Mama alikiangalia. Hakikuwa cha ganda jekundu. Kilikuwa cheupe, cha aina inayoletwa sokoni Githongo kwa magunia kutoka mbali, na kila mtu jikoni mle alijua kwamba mwanamke huyo, aliyekuwa akigawia nusu ya kijiji waru, alikuwa ameenda kununua kiazi kimoja kwa mchuuzi.

"Mama Karimi," mama alianza.

"Wewe funua hilo debe."

Alikizika mwenyewe, kwa vidole vyake, ndani ya udongo ule wa moto. Wakakaa. Walizungumza juu ya mambo mengine: ng'ombe aliyekataa kushiba, mchungaji mpya na mahubiri yake marefu. Mimi nilitumwa maji na nikarudi mbio nisipitwe. Kiazi kilipoiva mama alikifukua, akakichoma kwa msumari, akakikung'uta. Mama Karimi akakivunja. Alimpa mama kipande, akachukua chake, na kipande cha tatu akaninyoshea.

"Shika, Kendi. Kama kinapasua matumbo, tutapasuka wote."

Nilikula. Kilikuwa na ladha ya moshi na ya udongo, na ganda lilikuwa na chenga zilizosagika kwenye meno. Mama Karimi alikula chake chote na kujipangusa mikono. Aliondoka na mkebe wa miche iliyooteshwa kwenye udongo uliopikwa, na habari ilifika upesi kwa wengine, maana wiki iliyofuata wawili walikuja wenyewe kuuliza kama kuna miche, na mmoja alikuja na mayai.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo mambo yaliponyooka, ila shamba halisikii maneno. Miche ile Mama Karimi aliipanda kwenye ndoo mbovu, mbele ya nyumba yake. Ng'ambo ya kijito alipanda mahindi, na mwaka uliofuata mahindi, na nilipomaliza shule ya msingi bado yalikuwa mahindi. Karimi hakuja tena na waru za kwao. Kila mama yangu alipokwenda kuchota maji aliyapita yale mahindi, na ninajua aliyaona, kwa sababu njia ile haina mahali pengine pa kutazama.

Na kila msimu, kabla ya mvua, harufu ilipoanza kushuka bondeni, Mama Karimi alivuka kwa lile jiwe na mkebe mkononi. Ndani yake palikuwa na kiazi kimoja cha kununua. Alikileta kwa furaha, akitania kwamba amekuja kula kiapo. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakizika, wakala pamoja. Walicheka sana siku hizo. Lakini wakati wa kula mama aliangalia chini, msimu baada ya msimu, hata baada ya wote kusahau kwa nini. Nadhani angevumilia kwa urahisi zaidi kama mkebe ungekuja mtupu.

Jumamosi, sufuria yangu ilipotoa mvuke wa kutosha, nilifukua kwa uma kiazi nilichokuwa nimekizika humo. Kilikuwa kimeiva. Nilizima gesi, nikakivunja, nikampa Nkatha nusu. Alikinusa, akakirudisha kwenye sahani kwa vidole viwili.

"Hii si ya kuliwa, Mum. Imetoka kwa mchanga."

"Huliwa," nilimwambia, nikaanza kula nusu yangu. Ganda lilikuwa na chenga zilezile. Dirisha bado lilikuwa limefungwa, jikoni kumejaa joto, na Nkatha aliegemea kabati akinitazama kwa muda.

"Na mbona unakula ukiangalia chini?" aliuliza.

Sikuwa nimejua.